Chuo Asili Yake ni Kitabu

Ndugu msomaji, muulize kijana wa leo hapa Pemba: chuo ni nini? Atakutajia chuo cha ualimu, chuo cha uuguzi, au cha mafunzo ya amali kule Vitongoji. Hakukosea. Lakini muulize bibi yake. Atakwambia chuo ni pale mtoto anaposomeshwa Qur'ani. Na wazee waliomtangulia bibi huyo wakisema "chuo" walikusudia kitabu chenyewe. Kamusi ya Krapf, iliyochapwa mwaka 1882, imeihifadhi maana hiyo. Basi chuoni ni penye kitabu, na mwanachuoni ni mtu wa vitabu.

Waarabu nao mahali wanapoanzia watoto hupaita kuttab, neno litokanalo na kuandika. Madrasa, litokanalo na kudurusu, zamani lilikuwa jina la mahali pa waliokwisha kupevuka kielimu, kama Nidhamiyya iliyofunguliwa Baghdad mwaka 1067. Sisi tumegeuza: watoto wa juzuu tumewapa madrasa, na watu wa shahada tumewapa chuo.

Lugha hutembea, wala hapana dhambi kwa hilo. Tunalolikosoa ni dharau iliyofuatana na mgeuko huo. Mzazi akisema "mwanangu yuko chuo", hujivuna, na ada huitafuta hata kwa kuuza karafuu zilizo bado mtini. Akisema "yuko madrasa", husema kama atajaye mahali pa kumzuilia mtoto asizurure. Na mwalimu wake hulipwa ahsante.

Mzazi huyo amesahau kuwa chuo kikuu kimeazima maneno yake kwenye mkeka wetu. Jina la chuo limetoka hapo. Hata "kuhitimu", kunakosherehekewa leo kwa majoho na picha, asili yake ni khatama ya Kiarabu, na katika pwani hii lilikuwa neno la mtoto aliyemaliza kuisoma Qur'ani.

Tena tusichanganye mwanachuo na mwanachuoni. Wa kwanza ni yeyote anayesoma chuo. Wa pili ni aliyebobea katika elimu, akaifanyia kazi na watu wakanufaika naye. Shahada peke yake haimfikishi mtu hapo.

Basi, ewe mzazi, usione haya kupaita chuo pale mwanao anapoanzia alifu. Na ukimtafutia ada ya chuo cha mbali, ikumbuke kwanza haki ya mwalimu wa chuo cha karibu.

Wabillahi tawfiq.