Mla Amana: Asili na Maana ya 'Confidence Man'

Ni rahisi kuifasiri istilahi ya Kiingereza confidence man kuwa 'tapeli', 'laghai' au 'ayari'. Fasiri hizi si za makosa, ila zinaacha nje kiini cha istilahi yenyewe. Maneno hayo ya Kiswahili humtaja mtu kwa hila zake. Lile la Kiingereza humtaja kwa kile anachokiwinda ndani ya mhasiriwa wake, yaani imani.

Neno confidence lina asili katika Kilatini fidere, 'kuamini'. Ama istilahi nzima, ilipata umaarufu mjini New York mwaka 1849, gazeti la New York Herald liliporipoti kukamatwa kwa William Thompson. Mtu huyu alikuwa akimwendea mpita njia asiyemjua, akazungumza naye kama sahibu wa zamani, kisha akamwuliza iwapo ana imani ya kutosha kumwachia saa yake hadi kesho. Thompson hakupora, alikabidhiwa amana, akaila. Siku chache baadaye gazeti hilo hilo lilikejeli kwamba walaghai wakubwa zaidi wamo Wall Street, wala hawakamatwi.

Herman Melville aliichukua istilahi hii akaipa riwaya yake, The Confidence-Man, iliyochapishwa tarehe 1 Aprili 1857, Siku ya Wajinga. Matukio yanatokea siku iyo hiyo, ndani ya meli iendayo kwa mvuke katika mto Mississippi. Jina la meli ni Fidèle, yaani 'mwaminifu' kwa Kifaransa. Kinyozi wa melini ametundika tangazo kwamba hakopeshi, lakini naye hushawishiwa kuliondoa, akaishia kunyoa bila malipo. Yamkini msomaji atachoshwa na majadiliano yanayojirudia. Hata hivyo, marudio hayo ndiyo hoja ya riwaya: anayeamini hupoteza mali, na asiyeamini hupoteza utu. Melville hakutoa njia ya tatu.

Baadaye istilahi ilifupishwa kuwa con, na imani ikafichika. Kwa hivyo, mfasiri wa riwaya hii atakayetumia 'tapeli' atakuwa ametafsiri ufupisho huo, si istilahi ya 1849. 'Mla amana' lingekaribia zaidi, kwa kuwa linakumbusha kwamba kabla ya hila kufaulu, sharti pawe na mtu aliyekubali kuamini.