Deksamethasoni: dawa ni ileile, mgonjwa si yuleyule

Katikati ya 2020, madaktari wa UVIKO-19 walikuwa wakibishana juu ya dawa ya zamani, tena rahisi: deksamethasoni, ambayo hutuliza kinga ya mwili. Wengi waliiogopa, na hofu yao ilikuwa na mantiki. Unamnyang'anyaje silaha mtu aliye vitani?

Ubishi huo ulimalizwa na jaribio la RECOVERY la Uingereza, chini ya Peter Horby na Martin Landray wa Chuo Kikuu cha Oxford. Uzuri wake ni wepesi wake. Daktari alijaza fomu fupi mtandaoni, kompyuta ikapiga kura ya nani apewe dawa. Wagonjwa 2,104 waliolazwa walipewa miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10. Wengine 4,321 wakaendelea na matibabu ya kawaida. Swali kuu likawa moja: nani amefariki ndani ya siku 28?

Kwa jumla walifariki asilimia 22.9 ya waliopewa dawa na 25.7 ya wasiopewa. Si pengo la kushtua. Lakini wagonjwa walikuwa wamepangwa kwa hali waliyokuwa nayo siku ya kura, na hapo ndipo mambo yalipojitenga. Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia: 29.3 dhidi ya 41.4. Wa oksijeni bila mashine: 23.3 dhidi ya 26.2. Wasiohitaji oksijeni kabisa: 17.8 dhidi ya 14.0. Pengo hili la mwisho huenda ni la bahati tu, ila nafuu haikuonekana.

Sababu ni wakati. Siku za mwanzo virusi huzaliana kwa kasi, na kinga ndiyo tegemeo. Kwa baadhi ya wagonjwa, wiki ya pili virusi hupungua lakini kinga haitulii: seli zake huendelea kumwaga sitokini, kemikali za kuitana vitani, ikiwemo interlukini-6. Mishipa midogo ya damu huvuja, majimaji hujaa kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, oksijeni hukosa njia ya kuingia kwenye damu. Mwaka 2021 jaribio hilohilo lilionyesha kwamba tosilizumabu, inayozuia interlukini-6, nayo hupunguza vifo vya wagonjwa wa namna hii.

Septemba 2020 Shirika la Afya Duniani liliagiza dawa za jamii ya deksamethasoni zitolewe kwa walio hoi, na likashauri wenye ugonjwa mwepesi wasipewe. Kwa hiyo usiinunue duka la dawa siku ya kwanza ya homa.