Mbacha na Msala

Mkulima hulijua jembe lake kwa kiganja kabla ya kulijua kwa jicho, na seremala haazimi randa ya mwenzake bila ya kunung'unika. Mazoea ya namna hiyo ni mema, kwa sababu huipa kazi wepesi na huupa mkono imani. Lakini kuna mazoea mengine yafananayo na hayo kwa sura, yasiyofanana nayo kwa asili. Katika yale ya kwanza mtu amekishika chombo. Katika haya ya pili chombo kimemshika mtu. Nia ya insha hii ni kuyapambanua mazoea hayo mawili katika chombo kishikwacho leo na wakubwa kwa wadogo, yaani simu ya mkononi. Mtu aliyezoea simu za kampuni moja akitaka kuhamia za kampuni nyingine, ahukumu kwa kipimo gani?

Wazee walikwisha kutoa shauri: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Methali hii ni ya kweli, lakini msomaji na aangalie inasema nini na haisemi nini. Inamwonya mtu asitupe alicho nacho kwa kutamani kitu kipitacho katika mikono ya wengine. Haimwamuru alale juu ya mbacha uliotoboka hali msala umekwisha kutandikwa chumbani mwake. Basi haitoshi kuitaja methali na kunyamaza. Yapasa mbacha upimwe, na msala upimwe vile vile.

Mahali pazuri pa kufanyia mizani hiyo ni Karen, kitongoji kilicho kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, upande wa milima ya Ngong. Sehemu yake ilikuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyekaa Kenya toka mwaka 1914 hata 1931. Leo ni mahali pa nyumba kubwa, bustani pana na nyua ndefu. Uzuri wake kwa hoja yetu ni kuwa katika lango moja la huko huweza kuonekana simu za daraja mbili. Ndani ya nyumba mna simu ya thamani, pengine iPhone ya kampuni ya Apple. Langoni bawabu ana simu ndogo ya vitufe. Msomaji akiulizwa ni nani kati ya hao wawili awezaye kubadili simu kwa urahisi zaidi, labda atamtaja tajiri, kwa kuwa ana fedha. Jibu hilo halikusimama juu ya kweli.

Tuanze na bawabu. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ya Finland ilitoa simu iliyoitwa Nokia 1100. Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira usiopitisha vumbi, betri yake ilidumu siku nyingi, na kichwani ilikuwa na tochi. Watu wa Kenya waliziita simu za namna hii mulika mwizi. Kwa mtu wa mjini jina hilo lilikuwa mzaha. Kwa bawabu wa usiku lilikuwa maelezo kamili ya kazi yake. Sifa kubwa ya chombo chochote ni hiyo, kwamba aliyekitengeneza ameifahamu kazi ya atakayekitumia.

Kwa nini basi watu waliiacha Nokia? Hawakuiacha kwa sababu imekuwa mbaya, bali kwa sababu maisha yao yalikuwa yamebadilika nayo haikuyafuata upesi. Kupiga simu toka mtandao mmoja hata mwingine kulikuwa ghali kuliko kupiga ndani ya mtandao uleule, kwa hiyo watu wengi walikuwa na laini mbili, wakifungua mgongo wa simu na kubadilisha kadi mara kwa mara. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, iliiona taabu hiyo, ikaleta simu za Tecno na Itel zenye nafasi za kadi mbili. Nokia ilichelewa. Katika daraja la juu nako ilipitwa na iPhone, iliyotoka mwaka 2007, na simu za Android zilizofuata. Mwaka 2013 ilikubali kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu za mkononi, na mauzo yakakamilika mwaka 2014.

Sasa angalia jinsi bawabu alivyohama. Alitoa kadi katika simu ya zamani, akaitia katika simu mpya. Majina ya jamaa zake aliyoyaandika katika kadi yakafuata kadi. Fedha zake za M-Pesa, huduma iliyoanzishwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007, zikafuata namba yake, kwa kuwa hazikuwekwa kamwe ndani ya simu. Alihama nyumba bila ya kuacha hata kijiko.

Mwenye nyumba hana bahati hiyo. Picha za watoto wake za miaka kumi zimo katika ghala la kampuni iliyomwuzia simu. Programu alizozinunua hana budi kuzinunua tena. Saa ya Apple iliyo mkononi mwake haiafikiani na simu ya Android. Mazungumzo yake ya WhatsApp hayakuwa na njia rasmi ya kuvuka toka iPhone hata Android mpaka mwaka 2021, na hata hapo yalivuka kwanza kwa simu za Samsung peke yake. Njia ya kurudi ilifunguliwa mwaka 2022. Hata waya wa chaji ulikuwa kifungo. Toka mwaka 2012 simu za Apple zilitumia tundu lao wenyewe, hata Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria mwaka 2022 ya kutaka tundu la aina moja kwa simu zote mpya kufikia mwisho wa mwaka 2024. iPhone 15 ilitoka mwaka 2023 na tundu hilo. Wabunge wa Ulaya walibadili waya uliokuwa juu ya meza ya Karen, ingawa hapana mtu wa Karen aliyewapigia kura.

Haki yataka upande wa pili usikizwe pia. Mtengenezaji husema ya kuwa vyombo vyake vimefanywa kama ndugu wa tumbo moja: picha iliyopigwa kwa simu huonekana katika kompyuta bila ya kuhangaika, na kampuni huendelea kuitunza simu yako kwa miaka mingi baada ya kuinunua. Maneno hayo yana ukweli, na mhakiki asiyeyakiri ni mpinzani tu. Lakini kivutio ni kitu kimoja na kizuizi ni kitu kingine. Mwenyeji mwema huandaa chakula kizuri ili mgeni apende kukaa. Hafichi viatu vya mgeni ili ashindwe kuondoka. Katika biashara ya vyombo hivi karamu na viatu vilivyofichwa hutokea katika nyumba moja, na mgeni aliyeshiba husahau kuuliza viatu vyake viko wapi mpaka saa ya kwenda.

Wala msomaji asidhani ya kuwa bawabu ni huru kabisa. Kufuli lake limehama tu, toka simu hata laini. Mwezi wa Aprili 2011 Kenya iliruhusu mtu kuhamia kampuni nyingine ya mtandao na namba yake ileile. Waliohama walikuwa wachache. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba namba iliweza kuhama, lakini akaunti ya M-Pesa haikuhama nayo. Mtu aliambiwa achukue jina lake aache mkoba wake. Mwaka 2018 njia ilifunguliwa ya kutumiana fedha moja kwa moja kati ya huduma za kampuni mbalimbali, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini kutuma fedha nje ya ukuta si sawa na kuubomoa ukuta.

Baada ya kuwalaumu wauzaji, yafaa wanunuzi nao waambiwe kweli. Wako wahamao kwa ajili ya macho ya watu tu. Simu yao ni nzima na kazi yao haikubadilika, ila jirani amenunua nyingine. Tamaa ya jina ina hasara yake. Mwishoni mwa Septemba 2012 serikali ya Kenya iliamuru simu za bandia zikatwe katika mitandao, na zaidi ya simu milioni moja zikanyamaza. Baadhi ya wenye simu hizo walidanganywa, na wengine walikosa fedha za kununua simu ya halali. Lakini walikuwako pia walionunua jina lililoandikwa mgongoni bila ya kuuliza kilichomo tumboni. Huyo ndiye mtu aliyeacha mbachao, na msala ukapita.

Basi kabla ya kuhama au kukataa kuhama, jiulize mambo matatu. Kwanza, kazi yangu ni ipi, na chombo kipi kinaifahamu? Pili, nikikaa, je, nakaa kwa kuridhika au kwa kuogopa taabu ya kutoka? Tatu, chombo hiki kipya ninachokitamani, siku nitakapokichoka, kitanirudishia vitu vyangu? Swali la tatu ndilo lisahauliwalo kuliko yote, kwa sababu huulizwa mlangoni mwa kuingilia, ambapo kila kitu kimepambwa, juu ya mlango wa kutokea ambao bado hauonekani. Alijibuye vyema atazihifadhi picha zake mahali pawili, atayaandika majina ya jamaa zake mahali anapoweza kuyachukua, na hatayaweka maisha yake yote katika sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi akumbukaye hayo ataitunza koleo yake kwa mapenzi, na siku ikimshinda ataiweka chini bila ya chuki, atwae nyingine, aendelee kufua chuma.