Zimwi Likujualo: Mateso ya Nyumbani katika Michezo ya Kutisha

Methali yetu yasema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Darasani tumezoea kuifundisha kama maneno ya faraja. Lakini kwa mtoto anayeteswa na mzazi wake, zimwi analolijua ndilo linalomla kila siku. Kwa methali hiyo tuipime michezo ya kompyuta ya kutisha, ambayo vijana wetu wa Custom, hapa Juba, huicheza kwenye kompyuta za kuazimana, au huitazama tu ikichezwa na wengine.

Mingi ya michezo hii hutungwa na mtu mmoja au wawili, pasipo kampuni kubwa. Picha zake ni duni na sauti zake ni chache. Wako wanaoidharau kwa sababu hiyo. Dharau hiyo haina msingi, kwani ngano za bibi zetu nazo hazikuhitaji mapambo ili zitutie hofu. Kasoro haimo katika uduni wa fani, bali katika nafasi anayopewa mtu aliyeteswa.

Tutazame Mad Father, mchezo wa Kijapani uliotungwa na Sen mwaka 2012. Msichana Aya anaishi na baba yake, mtaalamu anayewaua watu kwa majaribio yake humo humo nyumbani. Usiku mmoja waliouawa wanafufuka. Baadhi yao huzungumza na Aya, lakini wengine humwinda. Hivyo waliodhulumiwa wanageuzwa kuwa vitisho, na mchezaji anazoea kuwakimbia. Mateso yao yamekuwa kiungo cha kukoleza hofu.

Mwaka huo huo ulitoka Papo & Yo, mchezo wa Vander Caballero, mzaliwa wa Kolombia, aliyeutunga kutokana na utoto wake chini ya baba mlevi. Mtoto Quico ana rafiki ambaye ni zimwi. Zimwi hilo ni pole mpaka lile chura. Likishamla, huwaka moto na kumshambulia mtoto. Quico analipenda na kuliogopa, na mwishowe hana budi kuliachilia. Hapa ukatili haukufichwa nyuma ya mlango ili utushtue. Mchezaji amewekwa mahali pa mtoto mwenyewe.

Karibu zaidi nasi yuko Lual Mayen, aliyezaliwa wazazi wake wakikimbia vita kusini mwa Sudan, akakulia kambini Uganda. Mwaka 2018 alitunukiwa heshima katika The Game Awards, Marekani. Mchezo wake, Salaam, hauna mazimwi, lakini hofu imo. Mhusika ni mkimbizi. Nguvu zikimwishia, mchezaji hutakiwa kumnunulia chakula, maji au dawa, na fedha hizo zilikusudiwa kuwafikia wakimbizi halisi. Aliyeumia anaonekana kuwa mtu, na uhai wake unatudai kitu.

Walimu wenzangu, kuipiga marufuku michezo hii hakutatufaa. Tuwafundishe wanafunzi kuihakiki kama wanavyohakiki riwaya, wakiuliza: aliyeteswa amewekwa mbele yangu kama adui, au katika nafasi yangu? Madarasani mwetu wamo waliokimbia vita vilivyozuka Desemba 2013. Kijana wa namna hiyo akiona kila aliyeumizwa amechorwa kama zimwi, atajifunza kuyaficha majeraha yake. Na zimwi linalofichwa halishibi.