Injini Ngeni Katika Gari la Zamani

Katika amali zote za mikono nilizopata kuzitazama kwa nadhari, na nimetazama nyingi, tangu uundaji wa majahazi hata ukerezaji wa miguu ya vitanda, haiko iliyoishughulisha fikira yangu kama ile ya fundi aitoaye katika gari injini iliyozaliwa nalo, akaifunga pahala pake injini ya kabila jingine, kisha akaliamuru gari liende, nalo likaenda.

Gari ninalolisema ni pikapu ya Land Rover 109, namba ambayo ni kipimo cha inchi baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ya toleo la Series III lililoanza kuundwa mwaka 1971. Bodi lake ni la aluminiamu, kama lilivyokuwa la Land Rover ya kwanza iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa adimu Uingereza baada ya vita; ndiyo maana magari hayo, hata yakizeeka, kutu huila chasisi ilhali mbavu zimesalimika. Marehemu baba alipakia humo machungwa ya Muheza kuyaleta Tanga mjini, na msimu wa iliki akapanda nalo mpaka Amani, akashuka na magunia yanayonukia safari nzima. Injini yake ya petroli, ya silinda nne na ujazo wa sentimita mchemraba 2286, ilitumika hata silinda zikachongwa kufikia saizi ya mwisho, pasiwe tena na pistoni ya kuzijaza. Basi nikanunua injini ya dizeli ya Nissan TD27, ya sentimita mchemraba 2663, ambayo mafundi huipenda kwa kuwa kemshafti yake huzungushwa kwa meno ya gia, si kwa mkanda ambao siku moja hukatika mtu akiwa porini.

Asiyeijua kazi hii hudhani ugumu wake umo katika uzito, akiona chenibloku imefungwa kwenye tawi la mwembe na injini inaning'inia. Walakini kuinua na kushusha ni shughuli ya nusu siku, na vijana wa gereji huifanya huku wakizungumza habari za mpira. Ugumu wote, na kwa hiyo heshima yote, umo katika upana wa kidole kimoja baina ya mgongo wa injini na uso wa giaboksi, pahala ambapo vyombo viwili, kimoja cha Uingereza na kingine cha Japani, vilivyobuniwa na watu wasiopata kuonana wala kuandikiana, hutakiwa kuzunguka pamoja maelfu ya mara kwa dakika pasi na kugombana. Pahala hapo huwekwa bamba la chuma, na bamba hilo ni nadra kuuzwa dukani.

Nilimwona fundi niliyempa kazi hiyo, mzee mmoja, akichukua kartoni la sabuni, akalibandika juu ya uso wa giaboksi uliosuguliwa kwa dizeli hata ukang'aa, kisha kwa nyundo ya kichwa cha mviringo akawa anagonga taratibu kandokando, kila pigo likilikata kartoni juu ya ukingo wa chuma, hata matundu yote ya bolti yakajitokeza moja baada ya jingine, bila kalamu wala rula. Akafanya vivyo hivyo kwa injini. Makartoni mawili akayalaza moja juu ya jingine mbele ya mwanga wa dirisha, naye akanyamaza kitambo kirefu, kwani matundu matatu ya huku yalikuwa yamepandana na matundu ya kule. Ndipo alipolizungusha la juu kidogo tu, akiridhia injini ilalie ubavu kwa digrii chache, matundu yakaachana, naye akaagiza chai.

Bamba lilipokwisha kukerezwa, alikifunga juu ya flaiwili kipimo chenye mshale mfano wa saa, ncha yake ikaugusa ukingo wa tundu la kati, akaizungusha injini kwa mkono. Mshale ulitikisika vistari vinne, na kila kistari ni sehemu moja katika mia ya milimita. Mimi niliona imekwisha. "Kwa gari la matembezi ningeiacha," akasema, "lakini wewe, mwanangu, unapakia." Akalegeza bolti, akaligonga bamba kwa mpini wa nyundo, akazungusha tena, na adhuhuri ikatukuta angali anagonga. Sababu yake ni kwamba shafti ya giaboksi huingia mpaka ndani ya bushi ndogo ya shaba nyeusi iliyomo kitakoni mwa krankshafti, na isipoelekea katikati kwa haki, kila mzunguko huitesa kwa kadiri ndogo isiyoonekana, hata beringi zikalia, klachi ikatetemeka, na giaboksi ikafunguliwa kabla ya mwaka kuisha. Sahani ya klachi yenyewe ilikuwa na mwili wa Nissan na kitovu cha Land Rover, maadamu flaiwili ni ya huyu na meno ya shafti ni ya yule.

Tena kuna mambo yasiyoonekana katika vyuma. Injini ya petroli inapovuta hewa kupitia kabureta huacha ombwe, na katika gari letu ombwe hilo ndilo lililomsaidia dereva kukanyaga breki. Dizeli hujivutia hewa bila kizuizi, haina ombwe la kumpa mtu, na kwa hiyo TD27 ina pampu ndogo ya kulifanya, nyuma ya altaneta. Fundi asiyelikumbuka bomba moja jembamba litokalo katika pampu hiyo kwenda kwenye breki humtia mwenzake hatarini kwenye mteremko wa kwanza.

Fauka ya hayo yote, namheshimu kwa alilokataa kufanya. Gereji niliyoiendea kwanza ilikwisha kukikata kwa moto wa gesi kishikio kimoja cha injini kwenye chasisi, ili injini mpya ipate nafasi kwa haraka, nami nikaliondoa gari kwa uchungu. Mzee huyu, kabla hajagusa kitu kingine, alitumia siku mbili kukirudisha kishikio kile kama kilivyokuwa, kisha akatengeneza vishikio vipya vinavyofungwa katika matundu ya zamani, asitoboe chasisi hata tundu moja jipya. Kwake gari la watu ni amana, na kila akiongezacho sharti kiweze kufunguliwa kwa spana, kwani huenda akatokea mtu mwenye injini ya asili anayetaka kuirudisha kwao.

Namba ya injini ilibadilishwa katika kadi ya gari, na msimu uliofuata tulipanda Amani tukiwa na shehena. Siku aliyonikabidhi funguo alinipa pia gunia lililofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na kabureta, vishikio vya zamani, na bolti zote za injini ya baba zikiwa zimepakwa grisi na kufungwa katika vitambaa vya kanga. Na juu yake, yamekunjwa kwa uangalifu, makartoni mawili ya sabuni, kila tundu limeandikwa namba kwa mkono wake.