Cc Ngapi kwa Barabara za Mlimani

Anayenunua gari dogo Nyeri kwa kawaida huanza na swali la petroli: hili linakula kiasi gani? Kwa mtu ambaye safari zake ni kutoka Ruring'u hadi sokoni na kurudi, swali hilo latosha. Lakini gari litakaloshuka Nairobi kila wiki, lipite Timau kwenda Meru, kisha Desemba lipelekwe Mombasa likiwa limejaa watu na mabegi, linataka swali jingine litangulie: likishabeba mzigo wake na kuanza kupanda, hubakiwa na nguvu kiasi gani? Nguvu hiyo ya akiba ndiyo inayotenganisha gari la safari na gari la mjini, na haiandikwi popote kwenye tangazo la muuzaji.

Nambari zinazotolewa na watengenezaji ni za hewa ya usawa wa bahari. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 16. Injini isiyo na tabo (turbo) huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Hewa ikipungua, oksijeni ya kuunguza petroli hupungua, na nguvu nazo hushuka kwa takriban kiasi hicho hicho. Nanyuki hali ni ngumu zaidi kidogo, na juu ya Timau, ambako barabara ya Meru hupita mita 2,300, hasara hufikia sehemu moja kati ya tano. Wako wanaoshikilia kwamba hayo yalikuwa matatizo ya magari ya kabureta. Kabureta ilikuwa na ugonjwa wake wa ziada: iliendelea kumwaga petroli ile ile hata hewa ilipopungua, na moshi mweusi ukatoka. Mifumo ya leo inayoongozwa na kompyuta hupunguza petroli ilingane na hewa iliyopo. Kuongeza hewa haiwezi.

Tuchukue Vitz, gari lililojaa kila mji kuzunguka Mlima Kenya. Kizazi chake cha tatu kiliuzwa Japani na injini za petroli za cc 996 yenye nguvu za farasi 69, cc 1,329 yenye farasi 95, na cc 1,496 yenye farasi 109. Kwa hewa ya Nyeri farasi hao wanakuwa kama 58, 80 na 92. Ukiondoa kile kinachopotea kwenye gia na ekseli, tuseme asilimia 15, matairini hufika 49, 68 na 78. Sasa weka watu wanne na mizigo, gari lote liwe kilo 1,350 hivi, upande kilima cha asilimia 5 kwa mwendo wa kilomita 75 kwa saa. Mlima, upepo na matairi pekee vinadai karibu farasi 28. Kinachobaki cha kuongezea mwendo ni farasi 21 kwa injini ndogo, 40 kwa ya kati na 50 kwa kubwa. Hii ni hesabu ya kukadiria, na inamchukulia dereva aliyekanyaga mafuta hadi mwisho, lakini sura yake haibadiliki ukirekebisha nambari kidogo: kutoka 1000 hadi 1300 akiba inakaribia kuwa maradufu, ilhali kutoka 1300 hadi 1500 inaongezeka kwa robo tu. Kwa hiyo mpaka wenyewe uko kwenye 1300. Injini ya 1500 ni ya anayepakia kila safari au anayeijua Mombasa vizuri, na kuvuka hapo ni kuingia kwenye ushuru wa juu zaidi bila faida inayolingana, maana ushuru wa bidhaa hupanda injini ikizidi cc 1,500.

Pingamizi la kwanza ni petroli, na lina ukweli wake. Mjini, kwenye foleni, ile ya 1000 hushinda bila ubishi. Barabara ndefu ya milima ni jambo jingine. Injini inayokanyagwa hadi mwisho kwa dakika kadhaa hunyunyiziwa petroli ya ziada ili isichemke kupita kiasi, na hapo ule uchumi wake unayeyuka huku injini kubwa ikipanda kwa nusu ya jitihada. Tofauti inayobaki ni ndogo kuliko wauzaji wanavyosema.

La pili lina heshima zaidi: kwamba dereva mwenye busara hana haraka, na anaweza kukaa nyuma ya lori hadi njia ifunguke. Sawa, na barabara ya njia nne ya Kenol, Sagana hadi Marua, kilomita 84, inapunguza haja ya kuviziana. Ila sehemu kubwa ya barabara ya Mombasa bado ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na huko mtu mpole kuliko wote atalazimika kulipita lori siku moja. Akiba ya nguvu hufupisha muda anaokaa upande usio wake. Hilo halihusiani na kupenda mbio.

Halafu kuna tabo, jibu la haki kabisa kwa tatizo la hewa, kwa sababu huisukuma hewa ndani badala ya kungoja ivutwe. Hata kwa wanaotamani kigari cha kufungua paa jambo hili hujitokeza wazi: Daihatsu Copen ya cc 658 yenye tabo na farasi 64 tu, ikiwa na uzito wa kilo 850 hivi, itaipanda Karatina kwa raha zaidi kuliko Vitz ya 1000 yenye farasi zaidi kwenye karatasi. Mazda Roadster ya 1500 haina tabo, lakini ina farasi 131 kwa uzito wa takriban tani moja, kwa hiyo inaweza kupoteza asilimia 16 bila kulia. (Baridi ya Nyeri mwezi wa Julai paa likiwa wazi ni shauri la mwenye gari.) Shaka yangu kuhusu tabo ni ya mitumba. Tabo huzunguka kwa kasi kubwa katika joto kali, ikitegemea oili safi, na mnunuzi wa gari lililotumika Japani miaka saba hana njia ya uhakika ya kujua oili hiyo ilibadilishwa mara ngapi. Asiye na fundi anayemwamini achukue injini ya kawaida yenye cc zaidi.

Majaribio yafanyike mlimani, gari likiwa limejaa. Kuzunguka kituo cha petroli na muuzaji pembeni hakusemi kitu. Njia nzuri ni Sagana hadi Karatina, mpando wa zaidi ya mita 500, kipoza hewa kikiwa kimewashwa. Kwenye gari lenye gia otomatiki ya CVT, angalia mshale wa mizunguko: ukipanda ukang'ang'ania juu huku mwendo hauongezeki, injini imekwisha akiba. Sauti ikiwa nzito na mshale ukishuka mara tu unapolegeza mguu, bado ina kitu mkononi. Kisha geuza, uteremke bila kushika breki, gia ikiwa ya chini. Injini kubwa huzuia gari vizuri zaidi, sifa isiyotajwa sana na wanunuzi ingawa anayeshuka kuelekea daraja la Nithi, kati ya Chuka na Meru, ataihitaji kuliko farasi wote. Mwisho, injini ikishapoa kabisa, kagua mfuniko wa rejeta. Kwenye mwinuko huu maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94, na raba iliyochakaa inatosha kuiangusha injini yoyote, ya 1000 au ya 1500.