Mahali Wino Usipopita

Uchapaji wa skrini, yaani ufundi wa kupitisha wino kwenye wavu mwembamba uliowambwa katika fremu ili uache alama juu ya nguo, umezoeleka mno mijini hata watu hawauhesabu tena kuwa ufundi: fulana za harusi, za msiba na za kampeni huchapwa leo, huvaliwa kesho, na baada ya miezi michache huwa matambara ya kupigia deki. Hata hivyo, anayejifunza kuchapa fulana zake mwenyewe hutambua upesi kwamba kazi kubwa haimo katika kupaka wino, bali katika kuuzuia.

Wavu huo, ambao zamani ulikuwa wa hariri na siku hizi ni wa poliesta, hupakwa emalsheni, yaani dawa inayogeuka ngumu inapopigwa na mwanga, kisha huachwa ukauke gizani. Mchoro mweusi uliochapwa kwenye karatasi angavu hulazwa juu yake na kuwekwa juani au chini ya taa kali. Palipopigwa na mwanga dawa huziba vitundu, na palipofunikwa na weusi hubaki laini, ikaondoka kwa maji ya kawaida. Hakuna dakika tamu kama hiyo, herufi zikichomoza moja moja kwenye wavu uliokuwa mtupu, wala chungu kama ile ya kuona dawa yote ikiporomoka kwa sababu mwanga haukutosha.

Samuel Simon wa Manchester alipata hataza ya kuchapa kwa hariri mwaka 1907, lakini karne nyingi kabla yake Wajapani walikuwa wakipitisha uji mzito wa mchele kwenye karatasi zilizotobolewa michoro, ili rangi ya kutilia kitambaa isiingie pale uji ulipokaa, sawasawa na fundi wa batiki anavyoikinga rangi kwa nta.

Raba ya kuvutia wino, ambayo ni ubapa wenye mpini, huinamishwa kidogo na kuvutwa kwa mkono usiosita: anayekandamiza mno huvujisha wino pembeni mwa herufi, na mwoga huacha mapengo. Wavu nao hauilalii fulana, bali huachiwa mwanya wa milimita chache, ili uguse kitambaa pale tu raba inapopita na kujiinua papo hapo nyuma yake. Kipimo hiki mkono hukijua kabla ya akili, na maelezo marefu hayakifundishi.

Kazi ya rangi nyingi hudai wavu mmoja kwa kila rangi, na ni heri mwanafunzi aiahirishe. Asichoweza kuahirisha ni moto, kwa kuwa wino wa plastisoli, yaani wa plastiki, haukaushwi na hewa, bali huiva kwenye joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi. Fulana ikishapoa, na ivutwe kidogo penye herufi: wino ulioiva hunyumbuka pamoja na kitambaa, na usioiva hupasuka.